Kitabu cha 1744 chenye besiboli: kitabu kizuri sana, ila hii chapa niliyouziwa mimi msiinunue

Wadau niseme mapema ili mwenye haraka asipoteze muda, kitabu chenyewe nakipa nyota tano, hii chapa niliyotumiwa naipa moja na nusu, na hiyo nusu ni ya karatasi tu manake karatasi wameweka nzito kweli. Sasa mwenye nafasi akae tuongee, kuna mambo humu ndani sikutegemea kabisa.

Kitabu kinaitwa A Little Pretty Pocket-Book, kilitoka London 1744, aliyekitoa ni John Newbery, yule ambaye Wamarekani wanatoa medali kwa jina lake tangu 1922 kwa vitabu vya watoto. Mimi sikukifuata kwa sababu ya fasihi wala nini. Naishi Worcester, Massachusetts, mwaka wa nane sasa, kwetu Tanga, na mwanangu wa kwanza ana miaka kumi anacheza besiboli kwenye ligi ya watoto hapa mtaani. Kila Jumamosi nakaa kwenye yale mabenchi ya mabati na thermos ya chai, nimetoka shifti ya usiku macho mekundu, naangalia mchezo ambao miaka mitatu ya mwanzo sikuelewa kitu, mtoto anasimama, anakosa, anakosa, anakosa, anarudi kukaa, eti ndo umecheza. Siku moja kocha akawa anawaambia watoto huu mchezo ulizaliwa Marekani, hauna baba wala mama kwingine, jenerali mmoja aliubuni kijijini Cooperstown mwaka 1839. Mzazi mwenzangu mmoja, babu wa mtoto wa timu yetu, akacheka akaniambia kwa sauti ya chini, mama, kuna kitabu cha watoto cha Kiingereza kina neno besiboli karibu miaka mia kabla ya hapo, na hichohicho kitabu kilikuja kuchapwa humu humu Worcester. Humu humu Worcester! Nikarudi nyumbani hata viatu sijavua nikaoda.

Ndo hapo nikaingia mkenge.

Mzigo ulivyofika nikajua wamekosea anwani. Kitabu kinaitwa cha mfukoni, yani jina lenyewe linasema, cha asili kinaenea kwenye kiganja cha mtoto, hiki nilicholetewa ni kikubwa kama daftari la hesabu za duka. Kwenye jalada wameweka picha ya kijana wa leo amevaa kofia na glavu yuko uwanjani chini ya mataa ya umeme. Kitabu cha 1744! Mwanangu akaangalia akasema mama huyu ana viatu vya kisasa. Nikamwambia naona.

Nafungua ndani, wamechukua kitabu cha zamani wakakipitisha kwenye programu ya kusoma maandishi, programu ikatoa ilichotoa, hakuna binadamu aliyepitia. Sasa lazima niwaeleze kitu kimoja ili muelewe ubaya wake. Waingereza wa zamani walikuwa na herufi s ndefu, ikiwa mwanzoni au katikati ya neno inaandikwa kama f ambayo kamstari kake ka katikati hakajakamilika. Mtu ukishazoea unasoma tu, lakini kompyuta isiyofundishwa inaona f. Kwa hiyo ule ukurasa wa besiboli, ambao ndo sababu ya watu wengi kununua, mahali pa kusema nguzo, "post", kwenye kopi yangu imeandikwa "poft", na "destin'd" imekuwa "deftin'd". Kitabu kizima kiko hivo, kila s inakohoa. Picha nazo, zile picha ndogo za kuchonga kwenye ubao ambazo ndo roho ya kitabu, zimekuwa madoa meusi, kuna moja nilidhani ni kuku kumbe ni watoto watatu wanacheza. Kurasa mbili hazipo kabisa, namba zinaruka. Nikaandika kulalamika, wakajibu kwa adabu sana, wakanirudishia nusu ya hela na kuniambia nibaki na kitabu. Basi yameisha, sitataja jina la muuzaji, ila ukiona kitabu cha karne ya 18 kina mtu kavaa kofia ya besiboli jalada la mbele, kimbia.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe, manake nilikasirika nikaenda kukitafuta kizima. Na bahati ni kwamba kipo bure, Maktaba ya Bunge la Marekani wameskani toleo la hapa Worcester la 1787 ukurasa kwa ukurasa, unakuza picha mpaka unaona nyuzi za karatasi. Nilikisoma kwenye simu usiku kazini wazee wakiwa wamelala.

Kwanza ujanja wa biashara. Huyu Newbery alikuwa mfanyabiashara haswa, mbali na vitabu alikuwa anauza na dawa ya unga ya homa, na wala haoni tabu kuitangaza dawa yake ndani ya hadithi za watoto. Kitabu hiki alikiuza peni 6, lakini ukiongeza ukalipa peni 8 unapewa na mpira kwa mtoto wa kiume au kimto cha kuchomekea pini kwa mtoto wa kike. Yani kitabu na toi kwenye pakiti moja, mwaka 1744, leo tunadhani wale wa migahawa ya baga ndo walianzisha. Na si mpira wa kuchezea hivi hivi, upande mmoja mwekundu upande mwingine mweusi, unakuja na pini kumi. Ndani ya kitabu kuna barua mbili za Jack muua majitu, yule shujaa wa ngano za Kiingereza, moja kwa mtoto wa kiume Tommy moja kwa wa kike Polly, anaeleza masharti: mtoto akifanya jambo jema pini inachomekwa upande mwekundu, akifanya ubaya inahamia upande mweusi. Pini zote kumi zikiwa kwenye wekundu Jack anatuma peni. Zikiwa zote kwenye weusi anatuma fimbo.

Nikasema hii lazima nijaribu. Nilichukua soksi, nikajaza matambara nikaifunga kama ule mpira wetu wa chandimu, nikashonea kitambaa chekundu nusu na cheusi nusu, pini nikanunua. Nikawaita wanangu wawili nikawasomea masharti, ila sehemu ya fimbo nikaibadilisha nikasema atatuma kazi ya kuosha vyombo, manake hapa nchi ya watu kuna maneno mama hatamki hovyo mbele ya watoto wenye mdomo shuleni. Siku ya kwanza vizuri. Siku ya pili vizuri. Siku ya tatu naamka kutoka shifti nakuta pini tisa ziko upande mwekundu na mimi nakumbuka niliacha nne, nauliza nani kahamisha, yule mkubwa anasema mama sisi hii tulikuwa nayo darasa la awali, ilikuwa ni chati ya stika, na ile mwalimu alikuwa anafungia kabatini. Yani ananifundisha mimi udhibiti. Sidhani kama Newbery alifikiria kwamba mtoto ndo anakaa na mpira.

Mbele ya kitabu kuna maneno kwa wazazi, walezi na yaya, ushauri wa kulea. Mtoto apewe chakula cha kawaida, avae nguo nyepesi, acheze sana apate nguvu. Mawazo ya yule mwanafalsafa Locke hayo, kwamba mtoto ajifunze kwa raha. Mama yangu angesoma hapo angesema sasa mbona wametumia hela kuandika kitu ambacho kila bibi wa Ngamiani anakijua. Kuna ngano fupi fupi, methali, na kanuni za adabu. Huko sikukaa, ni mafundisho mengi na yamekauka, unaweza kuyaruka usipungukiwe kitu.

Utamu uko kwenye michezo. Amepanga herufi za alfabeti, kila herufi na mchezo wake: jina juu, kapicha, shairi la mistari minne kuhusu mchezo, halafu fundisho la mistari miwili au minne chini yake. Na mafundisho mengine hayahusiani na mchezo hata kidogo, mchezo unaongelea stuli halafu chini anakuambia toa sadaka ukimwona mhitaji. Sawa bwana. Kuna gololi, kuna tiara, kuna kujificha, kuna kuruka migongo, kuna kufungwa kitambaa machoni. Nikiwa nafungua kurasa nilijiona niko uwanja wa shule ya msingi saa nne mapumziko.

Ya mpira na gongo iko mitano hivi, nitaieleza kidogo manake watu wengi huwa wanataja besiboli tu wanaondoka.

Stuli-boli, yule mtoto anapiga mpira halafu anakimbia kuzunguka, na asiporudi upesi kigoda chake kinachukuliwa. Huu ni mchezo mkongwe Uingereza, masimulizi yao yanasema ulianza na wadada wakamuaji waliokuwa wanatumia kile kigoda cha kukalia wakikamua ng'ombe, na huko Sussex unachezwa mpaka leo. Trapu-boli, kuna kamtego ka mbao kenye umbo kama kiatu, mpira unakaa upande mmoja, unagonga upande mwingine kwa gongo, mpira unaruka juu wenyewe na wewe unauwahi hewani unaupiga. Huu mimi ningeuweza, haumhitaji mtu wa kukurushia. Tipu-kati hauna mpira kabisa, ni kipande cha mti kilichochongwa ncha mbili, unagonga ncha kinaruka unakipiga kikiwa hewani. Aliyekulia karibu na Wahindi ameshajua, hiyo ni gili-danda mchana kweupe, bila nukta kupungua. Sijui nani alimwibia nani wala sitaki ugomvi. Halafu kriketi, na hapo ujue mwaka huohuo 1744 ndo mabwana wakubwa wa London waliandika sheria za kriketi kwa mara ya kwanza, wiketi, yani vile vijiti vilivyosimama ambavyo mpigaji anavilinda, ilikuwa bado na viwili, cha tatu kilikuja miaka ya 1770. Kwa hiyo huyu Newbery hakuwa anaandika mambo ya kale, alikuwa anaandika kilichokuwa kinachezwa nje ya dirisha lake.

Sasa besiboli. Ukurasa mmoja tu, mdogo. Nimeuangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Juu limeandikwa Base-Ball, na hii ndo mara ya kwanza inayojulikana neno hili kuonekana limechapwa popote duniani. Shairi linasema mpira ukishapigwa tu mtoto anachomoka mbio mpaka nguzo inayofuata, halafu nyumbani kwa furaha. Ni hayo tu. Hakuna sheria, hakuna hesabu ya wachezaji, kwa sababu msomaji wake wa miaka saba alikuwa anaujua tayari. Kwenye picha kuna watoto watatu na zile nguzo zimesimama ardhini, mmoja ana mpira, mwingine anangoja. Nikakuza, nikakuza tena. Gongo halipo. Hakuna kabisa. Wanaosoma mambo haya wanasema inawezekana enzi hizo mpira ulikuwa unapigwa kwa kiganja.

Nikampigia picha skrini dada yangu Tanga nikamtumia WhatsApp bila maelezo yoyote. Akajibu hapohapo, hii si rede? Nikamwambia dada huu ni mchezo wa Waingereza wa 1744. Akaandika, basi Waingereza wa 1744 walicheza rede.

Hakukosea sana. Jinsi mchezo ulivyochezwa hasa unaukuta kwenye vitabu vya watoto vilivyofuata. Mjerumani mmoja mwalimu wa michezo, GutsMuths, 1796 akaandika kitabu cha michezo ya vijana na ndani akaweka huu akauita besiboli ya Kiingereza, huyo ndo wa kwanza kuandika sheria zake, gongo tayari lipo lakini fupi la futi mbili hivi, na mrusha mpira anasimama hatua tano au sita tu toka kwa mpigaji. Hatua tano! Mwanangu alivyosikia akasema hata bibi anaweza kupiga. Halafu London 1828 kuna kitabu cha wavulana kikauita raundasi, na 1834 Robin Carver wa Boston akachukua maelezo yaleyale karibu neno kwa neno, akabadilisha jina tu, akasema huku kwetu tunauita besi au goli-boli, akaweka na picha ya wavulana wanacheza Boston Common. Na humo, sikilizeni, humo mkimbiaji alikuwa anatolewa kwa kupigwa mpira mwilini akiwa katikati ya vituo. Yani anakwepa! Wewe uliyekua Tanzania unajua ninachosema, wawili huku na huku, mmoja katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku macho yako kwenye mpira, ukiguswa umetoka. Hiyo ya kumpiga mtu mpira ilikuja kukatazwa New York 1845 kwenye sheria za klabu ya Knickerbocker, watu wazima walikuwa wameanza kucheza na watu wazima hawapendi kuumia. Mimi naona hapo ndo mchezo ulipoharibika lakini mimi si mtaalamu.

Kwa hiyo yale ya kocha yalitoka wapi? Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na mabishano, mwandishi wa michezo Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza, alikuwa anasema mchezo umetokana na raundasi aliyocheza utotoni, na tajiri wa vifaa vya michezo Albert Spalding akasema haiwezekani. Ikaundwa tume 1905, ikamaliza 1907, ikaamua kwamba ni Abner Doubleday, yule jenerali wa kocha, Cooperstown, 1839. Tatizo mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi West Point. Haikuzuia kitu, 1939 wakafungua jumba la makumbusho Cooperstown na mpaka leo watu wanahiji. Mkutubi wa New York, Robert Henderson, ndiye aliyekaa akavifukua hivi vitabu vya watoto kimoja kimoja mpaka akatoa kitabu chake 1947 hadithi ya jenerali ikabaki hadithi. Hakuhitaji nyaraka za serikali, alihitaji vitabu ambavyo watoto walivitafuna pembe.

Na kweli walivitafuna. Hakuna hata kopi moja ya 1744 iliyobaki inayojulikana, kopi ya zamani kuliko zote iliyopo ni ya 1760 na hiyo ni toleo la kumi. Matoleo tisa yameishia mikononi mwa watoto. Tunaijua tarehe kwa sababu ya matangazo ya magazetini.

Lawama moja kwa kitabu chenyewe. Michezo ya kukimbia ni ya Tommy, Polly kapewa kimto cha pini. Nilikereka. Lakini ukitoka nje ya kitabu unakuta mwanasheria kijana wa Surrey, William Bray, kwenye shajara yake Jumatatu ya Pasaka 1755 ameandika kwamba baada ya chakula alienda kucheza besiboli nyumbani kwa binti mmoja, na orodha ya wachezaji wengi wao ni wadada, wakacheza, wakanywa chai, wakakaa mpaka saa mbili usiku. Hiyo ndo besiboli ninayoitaka mimi, yenye chai ndani yake. Na kabla ya hapo 1748 kuna barua ya Lady Hervey anaeleza familia ya Prince of Wales wanacheza besiboli ndani ya chumba kikubwa wakati wa baridi, mabibi na mabwana. Kwa hiyo Polly alikuwa anacheza, ni vile tu dukani alipewa kimto.

Halafu fundisho la besiboli, hapa mnivumilie. Chini ya lile shairi la kurudi nyumbani kwa furaha, Newbery anasema ndivyo walivyo watu wanaokimbilia ng'ambo ya bahari kutafuta faida, halafu wanarudi wamejaa raha. Nimesoma hiyo saa tisa usiku korido ya kazini, simu mkononi, kengele ya chumba namba fulani inalia. Baba yangu kila Jumapili akipiga swali la kwanza ni unarudi lini, la pili ndo hujambo. Nguzo ya kwanza nilisema miaka miwili. Nikafika, nikaambiwa kuna nguzo nyingine. Niliifunga ile simu nikaenda kuitikia kengele.

Tuendelee. Habari ya Worcester ni kweli kabisa. Isaiah Thomas, mchapaji wa gazeti la Massachusetts Spy, alitoroka Boston Aprili 1775 na mtambo wake wa uchapaji siku chache kabla vita vya uhuru havijalipuka, akaja kujificha hapa. Baada ya vita akaanza kuchapa vitabu vya Newbery kimoja baada ya kingine bila kumuuliza mtu, enzi hizo hakimiliki ya Mwingereza ilikuwa haivuki bahari, na hiki cha kwetu kikatoka 1787. Kwa hiyo na yeye alikopi, tofauti ni kwamba alikopi vizuri, s zake ni s. Huyohuyo ndo alianzisha 1812 ile jumuiya ya mambo ya kale, American Antiquarian Society, jengo lao liko Salisbury Street mpaka leo limejaa machapisho ya zamani ya Marekani. Nimepita hapo na basi miaka nane nikidhani ni kanisa.

Sasa ununue nini. Kama unataka kusoma tu, skani ya Maktaba ya Bunge inatosha, bure, na ni bora mara mia kuliko hela niliyotoa mimi. Kama unataka kitabu cha kushika, tafuta cha mtumba ile nakala ya Oxford University Press ya 1966, au ndugu yake wa Marekani wa Harcourt 1967, ambayo M. F. Thwaite aliiandikia utangulizi mrefu. Hiyo wamepiga picha kurasa zenyewe, hawajaipitisha kwenye programu yoyote, na utangulizi unaeleza Newbery alikuwa nani na michezo inatoka wapi. Nilipata moja duka la vitabu vikuukuu, ina muhuri wa maktaba ya shule iliyofungwa na harufu ya kabati, nimeifurahia kuliko kitu chochote nilichonunua mwaka huu ukitoa heta ya umeme. Kiingereza chake si kigumu, mashairi ni ya mistari minne, mtoto wa darasa la tano anaenda nayo akisaidiwa ile herufi ya s. Mwanangu sasa anaandika s ndefu kwenye homuwek makusudi, mwalimu kaniita.

Kwa kocha nilimpelekea ile ya 1966 Jumamosi iliyopita. Alikaa nayo benchi dakika kumi nzima hajasema kitu, akauliza gongo liko wapi, nikamwambia halipo kocha, akafunua tena kama vile litatokea.

Ile kopi mbovu nimempa yule mdogo wa miaka mitano achorechore, karatasi ni nzito kama nilivyosema, kalamu ya rangi haitoboi. Jana nimekuta ameufikia ukurasa wa besiboli, yale madoa matatu meusi ameyawekea macho na midomo, na mmoja amemchorea gongo kubwa la rangi ya chungwa, refu kuliko mtoto mwenyewe.